Skidi stia kuukuu inavuja oili ya haidroliki: kutafuta chanzo na kukiziba

Skidi stia, zile mashine ndogo za magurudumu manne zenye mikono ya kunyanyulia na baketi mbele, za miaka ya 1980 na 1990, kama Bobcat 743 na 753, bado zinapiga kazi kwenye maeneo ya ujenzi, maghala ya mbolea na machimbo ya kokoto. Injini mara nyingi ina nguvu zake. Kinachozishusha ni oili. Matone 20 hivi ni mililita moja, kwa hiyo mashine inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza karibu lita moja na nusu kwa siku ya kazi ya saa nane. Na oili hiyo haimwagiki chini yote. Nyingine inatuama kwenye sinia la chuma chini ya injini, inachanganyika na vumbi na majani makavu, na siku waya ukipiga shoti hapo, mashine nzima inateketea.

Mafundi wengi wakiona tone hushika spana na kukaza nati iliyo karibu. Hapo ndipo uharibifu unapoanza. Nati ikikazwa kupita kiasi koni ya ndani, yaani ncha inayoziba oili, inapasuka, na lililokuwa tone linakuwa mchirizi. Oili nayo hutembea: inatoka juu kwenye vali, inafuata hosi, inadondokea kwenye kiungo ambacho hakina kosa lolote. Kwa hiyo chanzo kwanza, spana baadaye.

Kabla ya kugusa kitu

Egesha mashine mahali tambarare, shusha mikono ya mashine mpaka baketi itue chini kabisa, zima injini. Kisha sukuma leva au pedali za mikono na baketi kila upande mara kadhaa ili presha iliyobaki itoke. Mashine zenye kufuli za umeme kwenye vali zinahitaji swichi iwe imewashwa, bila kupiga stata, ndipo pedali zifanye kazi. Fungua kifuniko cha tangi polepole, hewa itoke kidogo kidogo.

Ukilazimika kufanya kazi mikono ikiwa juu, tumia chuma maalumu cha kuzuia mikono, kile kinachovaa juu ya rodi ya jeki (silinda ya haidroliki) ya kunyanyulia. Mtu mmoja abaki kwenye kiti, mkanda umefungwa. Wa pili aweke chuma. Kisha mikono ishushwe taratibu mpaka ikae juu ya chuma hicho. Gogo, tofali au jeki ya gari havifai. Hosi ikifunguliwa mikono inaanguka papo hapo, na aliye chini yake hana muda wa kutoka. Kwenye Bobcat nyingi kabini huinuliwa kwa kulala nyuma baada ya kufungua nati mbili za pembe za mbele. Hakikisha kufuli yake imenasa kabla ya kuingiza kichwa.

La mwisho, na ndilo zito kuliko yote: usitafute uvujaji kwa mkono wala kidole. Tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kupiga oili ndani ya mwili. Inasemekana presha ya baa 7 hivi inatosha kupenya ngozi, na mfumo wa mashine hizi hufanya kazi kwenye baa 100 hadi 170. Tumia kipande cha boksi au ubao mrefu, na vaa miwani ya kazi. Ikitokea mtu amepigwa, kidonda kitaonekana kidogo na pengine hakitauma mwanzoni. Mpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, na mweleze daktari kwamba ni oili iliyoingia kwa presha. Kusubiri mpaka kesho kumewagharimu watu vidole na mikono.

Hatua ya 1: Osha, ukaushe, uangalie

Hakuna fundi anayeweza kusoma mashine iliyojaa matope ya oili. Fungua vifuniko vya sinia la chini, kwangua tope, paka sabuni ya kuondolea grisi, iache dakika 10, kisha osha kwa maji ya presha. Usilenge maji kwenye altaneta, fyuzi au kinywa cha hewa cha injini. Kausha kwa hewa ya kompresa, hasa kwenye mashina ya fitingi, yaani viungo vya hosi na mabomba.

Sasa paka unga wa talki au chokaa laini kwenye sehemu unazozishuku. Washa injini, iache dakika 10 ipate joto, nyanyua na shusha mikono mara tano au sita, inamisha baketi mpaka mwisho wa mwendo na uishikilie hapo sekunde mbili tatu tu. Endesha mbele na nyuma. Zima. Anza kuangalia kutoka juu kwenda chini: mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo chanzo kilipo. Kama hapajaonekana kitu, mimina rangi ya oili inayong'aa kwa taa ya urujuanimno, fanya kazi saa moja, kisha angalia gizani. Chupa moja ndogo ni nafuu kuliko kununua hosi tatu ambazo hazikuwa na tatizo.

Andika ulichokiona, na hasa lini kinavuja. Kinachovuja mikono ikinyanyuka tu kiko kwenye njia ya presha ya jeki. Kinachovuja muda wote injini ikiwa inafanya kazi kiko karibu na pampu, au kwenye njia ya kurudi tangini. Kinachodondosha usiku mashine ikiwa imezimwa, na mchana hakionekani, mara nyingi ni hosi ya kunyonya kati ya tangi na pampu. Hiyo ya mwisho ina dalili nyingine: mashine ikifanya kazi, badala ya oili kutoka, hewa inaingia. Oili inakuwa na povu kama maziwa, pampu inalia, mikono inanyanyuka kwa kushtukashtuka. Bado ni uvujaji, ila unaelekea ndani. Mara nyingi unatibiwa kwa hosi mpya ya kunyonya, ile yenye waya wa kuizuia isibonyee, na klampu mbili nzuri. Usipoutibu, unaua pampu.

Hatua ya 2: Jua uzi (meno ya skrubu) ulio mbele yako

Hapa ndipo mashine hizi zinapowatesa mafundi wa Afrika Mashariki. Skidi stia za Marekani za wakati huo zilijengwa kwa fitingi za JIC zenye koni ya digrii 37 na za ORB zenye oringi (pete ya mpira) shingoni. Maduka mengi ya hosi kwetu yamezoea BSP, yaani uzi wa Kiingereza, na nyuzi za milimita. Matokeo yake ni nati inayoingia mizunguko miwili, inakazwa kwa nguvu, inavuja, na inaharibu uzi wa vali.

Nenda dukani na kalipa na kipimo cha uzi. JIC za kawaida ni hizi: namba 6 ni uzi wa 9/16 wenye meno 18 kwa inchi, kipenyo cha nje milimita 14.3, namba 8 ni 3/4 yenye meno 16, milimita 19, namba 10 ni 7/8 yenye meno 14, milimita 22.2, namba 12 ni inchi 1 na 1/16 yenye meno 12, milimita 27. Nati ya M14 ya milimita 1.5 hufanana sana na JIC namba 6 kwa macho, lakini si ndugu. Kuna mtego mwingine: fitingi za shaba za digrii 45, kama zile za mabomba ya friji, zina uzi uleule wa JIC kwenye namba 8 na 10. Zitaingia bila kugoma na hazitaziba, kwa sababu koni zinagusana kwenye mstari mwembamba tu.

Mkanda mweupe wa mabomba ya maji hauna kazi kwenye JIC wala ORB. Uzi wa hizo haufungi oili. Unashikilia tu, na kinachoziba ni koni au oringi. Vipande vya mkanda vinakatika, vinasafiri na kunasa kwenye spuli, ule mti wa chuma unaoteleza ndani ya vali. Penye uzi wa NPT, ule mwembamba kuelekea mbele, tumia gundi ya kuzibia nyuzi, na uache uzi wa kwanza mkavu.

Hatua ya 3: Viungo vinavyolowa

Kwa JIC inayolowa: toa presha, fungua, futa, angalia koni zote mbili kwa tochi. Mkwaruzo unaokata koni kutoka ndani hadi nje, au ufa, maana yake fitingi ibadilishwe. Kama koni ni nzima, tia tone la oili kwenye uzi, kaza kwa mkono mpaka ifike, piga mstari wa maka kwenye nati na kwenye mwili wa fitingi, kisha kaza kwa kuhesabu bapa (nyuso sita) za nati. Fitingi ndogo ya namba 4 inataka bapa mbili, namba 6 hadi 10 bapa moja na nusu, namba 16 bapa moja. Tumia spana mbili, moja ishike fitingi isizunguke. Njia hii ni bora kuliko kukisia nguvu, na ule mstari utakuonyesha baadaye kama nati imelegea.

ORB ya kona ina utaratibu wake, na wengi hawaujui. Rudisha nati ya kufungia nyuma mpaka mwisho, na washa yake (ile pete ya chuma) nayo uisukume nyuma. Vaa oringi mpya iliyopakwa oili. Ingiza kwa mkono mpaka washa iguse uso wa vali. Kama kona haijaelekea unakotaka, rudisha nyuma, usizidi mzunguko mmoja. Ishike kwa spana ya kwanza, kaza nati kwa ya pili. Ukisahau kurudisha nati nyuma, oringi inabanwa na uzi na kukatika, na utafikiri umeuziwa oringi mbovu.

Oringi ziwe za mpira wa nitrili, ugumu 70 kwa sehemu za kawaida na 90 kwa presha kubwa. Karibu na injini, penye joto kali, Viton, aina ya mpira unaostahimili joto, inadumu zaidi. Oringi za EPDM, zinazouzwa kwa ajili ya breki na maji, zinavimba kwenye oili ya madini ndani ya siku chache. Kwenye boksi la duka zote ni nyeusi na zote ni duara, kwa hiyo uliza, na ukiona muuzaji hana uhakika nenda duka jingine.

Hatua ya 4: Hosi na mabomba ya chuma

Hosi hufa mahali pawili: penye kusuguana na chuma, hasa kwenye kiungo cha mikono nyuma, na pale mpira unapoingia kwenye kofia ya chuma. Ukiona waya, vimbe au mpasuko, badilisha. Kuunga hosi kwa klampu za radieta au kuifunga mpira wa tairi ni kumtega anayekaa kwenye kiti.

Ukiagiza, soma maandishi ya hosi ya zamani. Yakifutika, pima kipenyo cha ndani. Kwa njia za presha chukua 2SN, yaani waya wa tabaka mbili: ya nusu inchi inabeba baa 275, ya 3/8 inabeba baa 330. Ile ya tabaka moja ya nusu inchi inaishia baa 160, na hiyo ni karibu mno na presha ya mashine, au hata chini yake. Hosi ya kunyonya ni aina nyingine kabisa, usibadilishane.

Pima urefu kutoka kikalio cha koni hadi kikalio cha koni. Kama ncha zote mbili zina kona, weka alama zinaelekeana vipi, la sivyo hosi itajisokota ikifungwa. Ongeza kidogo, maana hosi ikipata presha inaweza kufupika hadi asilimia 4. Mkunjo wa 2SN ya nusu inchi usipungue nusu kipenyo cha milimita 180, na wa 3/8 milimita 130. Hosi ipresiwe kwa mashine, kwa kofia mpya. Baada ya kukatwa ndani yake kuna unga wa mpira na chembe za waya: mwombe anayepresi apitishe sponji ya kusafishia, au ioshe kwa dizeli safi na kuipuliza kwa hewa, kisha ziba ncha zote mbili mpaka dakika ya kuifunga. Uchafu huu, zaidi ya hosi yenyewe, ndio unaorudisha mashine gereji baada ya mwezi.

Ukishaifunga, nyanyua mikono polepole mpaka juu na uinamishe baketi pande zote huku mtu akiangalia kwa mbali. Hosi isivutike wala isiguse ncha ya chuma. Rudisha klampu zote za awali; zile zilizopotea ndizo zilizoua hosi ya kwanza.

Bomba la chuma kwenye mkono likipasuka, ni karibu kila mara pembeni mwa klampu iliyolegea. Kulichomelea juu kwa juu hakudumu, na slagi (takataka za kuchomelea) inaingia ndani. Tengeneza jipya kwa bomba la chuma la haidroliki lisilo na mshono, lenye unene uleule, likatwe, lisafishwe, litanuliwe ncha kwa digrii 37.

Hatua ya 5: Jeki

Rodi yenye utando mwembamba wa oili ni kawaida. Ikitengeneza pete ya oili inayodondoka, sili (mpira unaozuia oili isitoke) imekwisha. Lakini angalia rodi kwanza: pitisha ukucha. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakata sili mpya ndani ya wiki. Ncha ndogo zilizoinuka zilainishwe kwa jiwe laini na msasa wa 600 wenye oili, ukizungusha kuizunguka rodi, si kwa urefu wake. Mashimo makubwa ya kutu yanataka rodi ipakwe kromu upya, au itengenezwe nyingine kwenye karakana yenye lethi.

Toa jeki, mwaga oili iliyobaki, fungua kichwa chake kwa spana ya pini inayoingia kwenye mashimo au mikato yake. Nyundo na patasi huharibu uzi. Chomoa rodi ikiwa imenyooka. Kabla ya kutoa sili za zamani, chora au piga picha namna zilivyokaa. Mdomo wa sili ya rodi unaelekea ndani, kwenye presha. Mdomo wa kifuta vumbi unaelekea nje. Pete ngumu ya kuegemeza inakaa upande wa pili wa presha. Kugeuza moja tu kunatosha kurudia kazi yote.

Lainisha sili mpya kwenye oili ya joto la digrii 60 hivi, ikunje umbo la figo, iingize kwa vidole. Uzi wa mwisho wa rodi uzungushie plastiki nyembamba kabla ya kupitisha kichwa juu yake. Pete ya pistoni ya plastiki ikitanuliwa kuvishwa, ibane kwa ukanda laini nusu saa irudi ukubwa wake. Nati ya pistoni isafishwe, itiwe gundi ya kufungia uzi, ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako.

Kama mikono inashuka yenyewe na hakuna oili nje, kosa liko ndani: sili ya pistoni au spuli ya vali. Kwa jeki ya baketi, nyoosha rodi mpaka mwisho, zima, toa presha, fungua hosi ya upande wa rodi na uzibe hosi hiyo kwa tapu (kizibo). Elekeza tundu la jeki kwenye ndoo. Washa, na kutoka kitini sukuma leva au pedali upande uleule wa kunyoosha kwa upole, watu wakiwa mbali. Oili ikiendelea kutoka kwenye tundu, sili ya pistoni inapitisha oili. Isipotoka, tafuta kwenye vali.

Hatua ya 6: Sili laini na presha isiyostahili kuwepo

Sili za miisho ya spuli kwenye vali, na sili za shafti za pampu na mota, hazibebi presha kuu. Zinabeba presha ndogo ya njia ya kurudi, au ya ndani ya kasha la pampu au mota. Kwa hiyo zikipasuka ghafla, au zikipasuka tena muda mfupi baada ya kubadilishwa, usilaumu sili. Kuna njia iliyoziba: filta ya kurudi, kipoza oili, kichujio cha njia ya kasha, au tundu la kupumulia la tangi lililojaa vumbi la saruji. Badilisha filta na safisha tundu hilo kabla ya kununua sili.

Kwenye vali, shughulikia spuli moja kwa wakati. Kila spuli imesagwa kulingana na tundu lake, na kuchanganya mbili kunaleta uvujaji wa ndani usio na dawa. Usipige msasa spuli. Nafasi kati yake na ukuta ni sehemu ndogo mno ya milimita.

Mota za magurudumu zina uvujaji unaojificha. Shafti inaingia kwenye boksi la cheni, kwa hiyo sili yake ikifa oili inahamia humo na chini hapana hata tone. Tangi linapungua kila siku na hakuna anayeona inakokwenda. Legeza tapu ya kupimia ya boksi la cheni mashine ikiwa imepoa: oili ikimwagika kwa wingi badala ya kufika tu ukingoni, umempata mwizi. Ukitoa mota, tikisa shafti yake. Ikicheza, beringi imekufa na sili mpya haitakaa. Shafti yenye mfereji uliochongwa na sili ya zamani ivalishwe bushi nyembamba ya chuma, au sili mpya isogezwe milimita moja au mbili kama nafasi inaruhusu.

Hatua ya 7: Kujaza na kupima

Tumia oili iliyotajwa na kitabu cha mashine. Vitabu vya Bobcat za zamani viliruhusu oili ya injini ya 10W-30 au 10W-40 kwenye haidroliki; kampuni nyingine zina masharti yao. Mimina kupitia chujio safi, mikono ikiwa chini. Kujaza kupita alama kunaleta povu na kusukuma oili kwenye tundu la kupumulia, na hapo utaanza kutafuta uvujaji ambao umeutengeneza mwenyewe.

Pampu ikiwa ilifunguliwa, jaza kasha lake oili kwa mkono kwanza, kisha zungusha injini kwa stata sekunde 10 bila kuiwasha. Washa, iache kwenye mwendo wa chini kabisa dakika tatu. Sogeza kila jeki nusu ya mwendo, polepole, mara tatu, halafu mwendo mzima. Ikilia au povu likionekana, zima, subiri dakika 15, rudia. Pima kiasi cha oili na uongeze.

Fanya kazi saa moja, angalia ile mistari ya maka na unga mpya wa talki. Rudia baada ya saa 10 za kazi. Kiungo kilichokauka kiache kilivyo, hata kama mkono unawasha kukikaza kidogo zaidi. Filta ibadilishwe tena baada ya saa 50, kwa sababu takataka zilizoamshwa na matengenezo zitakuwa zimefika humo. Oili chafu uliyotoa itie kwenye dumu lenye kifuniko, uandike jina lake juu, na umpe mkusanyaji wa oili chakavu. Isimwagwe mtaroni.